Mwamba Ngoma: Hadithi za Kubuni Juu ya Siku za Uvamizi

Mazungumzo ya leo ni juu ya aina moja ya hadithi, nayo ni ile isimuliayo mambo ya kale kwa watu wa kubuniwa. Mwandishi huchukua wakati uliokuwako kweli, vita vilivyopiganwa kweli, na mfalme aliyetawala kweli. Kisha katikati yao humtia kijana, au mwanamke, au mzee asiyetajwa katika kitabu chochote cha historia. Watu hao husema, hulia, huoa, hukimbia na kufa. Na msomaji, ingawa ajua kwamba hawakuwako, huziona siku zile kwa macho yao.

Wako wasemao kwamba kazi hii ni uongo uliopambwa, na ya kuwa mtu mwenye akili na asome historia aache hadithi. Neno hilo lina sehemu ya haki, kwa maana ziko hadithi nyingi zilizopotosha mambo. Lakini hadithi njema ya namna hii ina kazi ambayo kitabu cha historia hakiwezi kuitimiza peke yake, hasa ikiwa habari yenyewe ni ya uvamizi. Ili kulionyesha hilo nitaleta mifano miwili. Wa kwanza ni wa Uingereza, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wa pili ni wa nchi ya Ruvuma, katika karne ya 19.

Katika zama zile wenyeji wengi wa Uingereza waliitwa Waanglo-Saksoni. Wao wenyewe mababu zao walitoka ng'ambo ya bahari wakawatawala waliowakuta. Lakini sasa walikuwa wakulima na wafugaji, wenye falme kadha wa kadha, nao walikuwa wamekwisha kuwa Wakristo. Watawa wao walijua kusoma na kuandika. Mwaka 793 merikebu zilitokea baharini zikakishambulia kisiwa cha Lindisfarne, penye kanisa na nyumba ya watawa. Washambuliaji walikuwa watu wa kaskazini, kutoka nchi ziitwazo leo Norway na Denmark, nasi tumezoea kuwaita Wavikingi. Waliua watu, wakachukua vitu vya thamani, wakatweka matanga wakaenda zao.

Miaka sabini na zaidi walikuja hivyo, wakinyang'anya na kurudi kwao. Lakini mwaka 865 walikuja kwa jeshi kubwa, nalo halikurudi. Falme za Waanglo-Saksoni zikaanguka moja baada ya moja, hata ufalme wa Wessex ukabaki peke yake. Mfalme wake alikuwa Alfred. Mapema mwaka 878, katikati ya majira ya baridi, adui walimshtukiza. Akakimbilia mabwawani akiwa na watu wachache. Baada ya miezi michache alitoka, akakusanya watu wake, akawashinda Wavikingi mahali paitwapo Edington. Mkuu wao, Guthrum, alikubali kubatizwa, na Alfred mwenyewe akasimama kuwa baba yake wa ubatizo.

Sasa tujiulize: habari hizi ziliandikwa na nani? Karibu zote ziliandikwa na watawa na maaskofu wa upande ulioshambuliwa. Wavikingi walijua kuchora herufi zao katika mawe na miti, lakini vitabu hawakuviandika wakati ule. Hadithi zao ndefu ziliandikwa katika kisiwa cha Iceland karne kadha baadaye. Basi katika maandiko ya watawa Mvikingi ni mbwa mwitu tu, hana mama wala shamba wala sababu. Wahenga wetu walisema: Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Mtawa aliyeiona nyumba yake ikiungua hakuwa na budi kuivuta ngozi kwake, wala hatuwezi kumlaumu. Lakini sisi tusomao baada yake hatuna budi kukumbuka ni mkono wa nani ulioivuta.

Tena yako mambo mengine yasiyoandikwa kabisa. Wavikingi wengi hawakurudi kwao. Waligawana mashamba, wakashika majembe, wakaoa, wakazaa. Leo Mwingereza atamkapo maneno yake ya kila siku ya yai, anga na kisu, atamka maneno yaliyotoka katika lugha ya wavamizi wale. Maneno hayo yaliingiaje? Hayakuingia vitani. Yaliingia jikoni na sokoni, kinywani mwa mama na mtoto. Lakini mazungumzo ya jikoni hakuna mtawa aliyeyaandika. Na hapo ndipo hadithi inapopata nafasi yake.

Watu wa kale wenyewe waliona upungufu huo. Iko hadithi mashuhuri ya Mfalme Alfred siku alipokuwa akijificha. Yasemwa aliingia katika nyumba ya mchunga mifugo, na mke wa mchungaji, asiyemjua, akamwambia aangalie mikate motoni. Mfalme akazama katika mawazo ya vita, mikate ikaungua, na yule mama akamkemea kama amkemeavyo mvivu yeyote. Askofu Asser, aliyemjua Alfred na kuandika habari za maisha yake mwaka 893, hakuitaja habari hiyo. Iliandikwa yapata miaka mia moja baadaye. Hapana shaka ni ya kubuniwa. Hata hivyo Waingereza wameihifadhi mpaka leo, kwa sababu yawaonyesha kitu ambacho orodha ya vita haionyeshi: mfalme aliyepoteza kila kitu, ameketi karibu na moto wa mtu maskini, hana la kujibu.

Na tuvuke sasa kuja kwetu. Wangoni nao walitoka mbali. Wazee wao walikuwa kusini mwa Afrika, nao walikimbia vita vya Shaka, mfalme wa Wazulu. Kundi moja kubwa, likiongozwa na Zwangendaba, lilivuka mto Zambezi mwezi wa Novemba mwaka 1835. Tarehe hiyo twaijua kwa njia ya ajabu kidogo: masimulizi ya wazee yalishika kwamba jua lilipatwa siku ya kuvuka, na wenye elimu ya nyota waweza kuhesabu siku jua lilipopatwa katika nchi ile. Hapa msikilizaji aone kwamba masimulizi ya mdomo si maneno ya upepo tu. Mara nyingine hubeba ushahidi ulio imara kama wa karatasi.

Zwangendaba alifariki Ufipa katika miaka ya 1840, na watu wake wakagawanyika. Baadhi yao, wakiwa na wakuu Zulu Gama na Mbonani Tawete, walishuka mpaka nchi tuiitayo leo Songea. Huko waliwakuta Wangoni wengine, ndio Wamaseko. Wakapigana nao, na mwisho Wamaseko wakafukuzwa kuvuka mto Ruvuma. Waliobaki wakasimamisha falme mbili: Njelu, chini ya ukoo wa Gama, na Mshope, chini ya ukoo wa Tawete. Kwa mikuki mifupi, ngao za ngozi ya ng'ombe na vikosi vyenye nidhamu, waliwashinda Wandendeule na wengine wengi. Wamatengo walipanda milimani kujificha. Mashambulizi yao yalifika mbali kuelekea mashariki, yakawasumbua Wayao, Wamakua na Wamakonde.

Mwaka 1882 walifika Masasi. Hapo palikuwa na kijiji cha misheni kilichoanzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere, nao wakaaji wake wa kwanza walikuwa watumwa waliokombolewa, walioletwa kutoka Unguja. Wangoni, walioitwa Magwangwara na watu wa huko, walikishambulia kijiji, wakachukua mateka. Baadaye misheni ilihamia Newala kwa muda. Fikiri habari ya mtu mmoja tu miongoni mwa wale: alikamatwa utotoni akauzwa pwani, akaokolewa, akarudishwa bara, akajenga nyumba, akalima, kisha asubuhi moja akawa mateka mara ya pili. Na habari ya Masasi tunaipata kwa nani? Kwa kalamu za wamisionari, kama vile habari ya Lindisfarne ilivyotufikia kwa kalamu za watawa. Mvamizi hakuwa na kalamu, na mateka pia hakuwa nayo.

Lakini kama ilivyokuwa Uingereza, uvamizi haukuishia vitani. Wangoni waliotoka kusini walikuwa wachache. Watu waliowashinda waliitwa sutu, na vijana wao wengi walitiwa katika vikosi, wakapewa ngao, wakapigana kama Wangoni. Wanawake mateka walizaa watoto katika nyumba za washindi. Mwisho wake ukawa huu: Kingoni kisemwacho Songea leo si lugha ile ya kusini iliyovuka Zambezi, bali kiko karibu sana na lugha za majirani zake, kama Kimatengo na Kindendeule. Baba alishinda vita, lakini mtoto alisema lugha ya mama. Hilo halimo katika habari za mapigano, nalo huenda ni kubwa kuliko mapigano yote.

Haya basi, tuseme yuko mwanafunzi huko Namasakata, katika mkoa wa Ruvuma, atakaye kuandika hadithi ya siku hizo. Afanyeje asije akasema uongo? Naona yampasa kushika mambo manne.

La kwanza, mifupa asiiguse. Mambo yajulikanayo kwa hakika ni mifupa ya hadithi. Masasi ilishambuliwa mwaka 1882, asiseme ilisalimika. Wajerumani walijenga boma lao Songea mwaka 1897. Asiwalete miaka ishirini kabla kwa kuwa apendezwa na kishindo cha bunduki zao. Mwandishi ana ruhusa ya kuvika mifupa nyama, lakini hana ruhusa ya kuivunja.

La pili, aangalie vitu. Msikilizaji amekwisha kuona picha za Wavikingi wenye kofia za chuma zilizotiwa pembe. Wachimbuaji wa mambo ya kale hawajapata hata kofia moja ya vita ya namna hiyo ya siku za Wavikingi. Pembe zile zilienezwa na mavazi ya michezo ya jukwaani katika karne ya 19. Kosa la namna hiyo ni jepesi kutendeka hata kwetu. Mashamba makubwa ya tumbaku na mikorosho ya kuuza ni mambo ya karne ya 20. Asimfiche mtu wa mwaka 1870 katika shamba la mikorosho lililopandwa na babu zetu wa juzi. Mtu wa siku zile asilipe shilingi wala asiwashe kiberiti. Amlishe ugali wa mtama au wa ulezi, amvike nguo ya gome la mti au kitambaa cha biashara kilichoinuliwa kutoka pwani, na msomaji atamwamini.

La tatu, abuni pale penye giza. Jina la mkuu wa vita laweza kuwa limehifadhiwa. Lakini aliyepika chakula cha vita, aliyebeba mtoto akikimbia, aliyebaki nyuma kwa kuwa mguu wake ulikuwa na kidonda, hao wote hawana majina. Hapo ndipo pa kubuni, wala hapana mtu atakayeibiwa haki yake. Bali huenda akarudishiwa.

La nne, nalo ni gumu kuliko yote: aivute ngozi ya ngoma pande zote mbili. Nitoe mfano wa hadithi, nanyi fahamuni kwamba huu ni wa kubuni. Msichana wa kijiji kimoja karibu na Ruvuma atekwa akienda kuchota maji. Apelekwa Njelu, apewa jina jipya, akua, aolewa na mtu wa kikosi kilichomteka. Mumewe si mnyama. Humcheka mtoto, huogopa radi, humsimulia jinsi baba yake alivyokuwa mkimbizi tangu ujana hata uzee. Mwanamke huyo amzaa mwana. Kila jioni humwimbia kwa lugha ya kwao, taratibu, mkwe asisikie. Mwana akua, apewa ngao. Siku moja vikosi vyaitwa, na mama asikia jina la kijiji kinachokwenda kushambuliwa: ndicho kijiji alikozaliwa, na ndugu zake wangali wako huko. Asubuhi mwana aja kumwaga.

Mama atasema nini? Akinyamaza, mwanawe atakwenda kumwua mjomba wake asiyemjua. Akisema, mwana atakuwa msaliti mbele ya wenzake, na adhabu ya msaliti yajulikana. Kitabu cha historia chaweza kutuambia kwamba mambo ya namna hii hayakukosa kutokea, kwa kuwa mateka walizaa na watoto wao walikuwa askari. Lakini hakiwezi kutuweka mlangoni mwa nyumba ile asubuhi ile. Hadithi yaweza. Na msomaji akiisha kusimama mlangoni pale, hatasema tena kwa wepesi, “Wale walikuwa wanyama,” wala, “Wale walikuwa dhaifu, walistahili kushindwa.”

Katika lugha yetu wako waliokwisha kujaribu kazi hii ya kuchanganya kweli na kubuni. James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa watumwa waliookolewa, alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Chasimulia utumwa, ukombozi, na maisha ya waliokombolewa huko Freretown karibu na Mombasa. Wasomaji wa baadaye wamemlaumu kwamba aliwasifu Waingereza kupita kiasi. Lawama hiyo ina nguvu. Lakini fikirini pia kwamba bila kitabu kile tungekosa sauti adimu, sauti ya mtoto wa mtu aliyeokolewa baharini, akiivuta ngozi upande wake.

Mwandishi mwingine ni Ebrahim Hussein, aliyetoa mchezo wake Kinjeketile mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa mtu wa kweli. Ndiye aliyewapa watu maji katika mwanzo wa Vita vya Majimaji, na Wajerumani walimnyonga mwaka 1905. Lakini Hussein aliwaonya wasomaji wake waziwazi kwamba Kinjeketile wa mchezo ni mtu wa mawazo yake, si yule wa historia. Huo ni uaminifu mkubwa, nao wawafaa wote waandikao hadithi za namna hii: mwambie msomaji wapi kweli inakoma, kisha buni kwa ujasiri.

Vita vile vya Majimaji vilifika Songea pia, na hapo gurudumu likageuka. Wangoni waliovamia sasa walivamiwa. Mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wao wengi mjini Songea, miongoni mwao Mputa Gama, mtawala wa Njelu, na Songea Mbano, ambaye mji huo umeshika jina lake. Mashamba na maghala yalichomwa, na njaa ikaua kuliko risasi. Wajukuu wa waliobeba ngao na wajukuu wa waliozikimbia ngao walichimba mizizi ya porini pamoja. Uingereza nako, mwaka 1066, nchi iliyowapokea Wavikingi ilishindwa na Wanormani, ambao mababu zao walikuwa Wavikingi waliokwenda kukaa Ufaransa. Mwandishi akumbukaye mageuzi hayo hatampa mtu yeyote cheo cha mshindi wa milele.

Leo hakuna aliye hai aliyekiona kikosi cha Njelu kikipita. Lakini katika darasa moja la mkoa wa Ruvuma wameketi watoto wa pande zote, na pengine pande zote zimeketi katika mtoto mmoja. Akisoma hadithi inayowafanya wavamizi kuwa mashujaa watupu, nusu ya damu yake yatukanwa. Akisoma inayowafanya kuwa fisi, nusu nyingine yatukanwa. Akiwa hana hadithi yoyote, atajazwa na maneno ya watani na ya vilabuni, nayo hayana mwaka wala ushahidi.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi, na walimu wao pamoja nao: waendeeni wazee kabla ya kushika kalamu. Ulizeni majina ya milima watu walikojificha, majina ya vijito walikovukia, nyimbo za kubembeleza watoto ambazo maneno yake hayaeleweki tena. Ulizeni kwa nini ukoo fulani hauli nyama fulani, na kwa nini bibi fulani aliitwa kwa jina lisilo la kwao. Andikeni mliyoambiwa katika daftari moja, na mnayoyabuni katika daftari jingine, msije mkachanganya yote. Madaftari hayo mawili yakiisha kujaa, hadithi imekwisha kuanza.